Iba kwanza, vijembe baadaye: heshima kwa wakubwa katika muziki wa Wayoruba

Mwaka 1980 kijana wa Lagos mwenye umri wa miaka 23 alitoa santuri yake ya kwanza na kuipa jina Iba. Msomaji asilisome kwa Kiswahili, atamwonea bure. Kwa Wayoruba iba ni salamu ya unyenyekevu ambayo mdogo huitoa kwa wakubwa wake, walio hai na waliotangulia, kabla hajafungua mdomo mbele za watu. Kijana huyo ni Wasiu Ayinde. Kabla ya hapo alikuwa kwenye msafara wa Sikiru Ayinde Barrister, gwiji wa fuji, muziki wa ngoma wa Wayoruba, kwa miaka kadhaa, na kazi yake haikuwa kupiga ngoma wala kuitikia. Alikuwa mbeba vyombo. Hata jina la Ayinde alilichukua kwa Barrister, kwa ruhusa yake.

Ukiishia hapo utasema huyu ni mfano wa kijana mwenye adabu. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1984 akatoa Talazo '84 na mji mzima ukamshangilia. Ilipofika miaka ya 1990 alikuwa anajiita mfalme, King Wasiu Ayinde Marshal wa Kwanza, kwa kifupi KWAM 1 au K1, na mwalimu wake yu hai, ana bendi, anajaza kumbi. Barrister alifariki Desemba 2010. Kwa hiyo kwa miaka mingi mbeba vyombo alikuwa mfalme wa muziki ulioasisiwa na bosi wake, na bosi wake akimwona.

Sisi tunaousikiliza muziki huu kwa mbali huwa tunazisikia zile sifa ndefu kwa wazee, machifu na matajiri, tukadhani ni uchawa tu. Upo uchawa, tena mwingi, na nitaufikia. Ila ninavyoona mimi, iba ni malipo ya awali. Ukishaitoa, umelipa. Na aliyelipa ana haki ya kuingia, kukaa, kusema analotaka, na hata kumpiku yule aliyemwinamia. Atakayeusikiliza muziki wa Wayoruba bila kulijua hilo ataona unyenyekevu mahali ambapo kwa kweli pana mashindano makali.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko gitaa na kuliko studio. Katika miji ya Wayoruba ya upande wa magharibi, kuanzia Nigeria hadi ndani ya Benin, kuna ngoma ya Gelede, ambayo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni. Ni ngoma ya kuwatukuza na kuwatuliza "mama zetu", yaani wanawake wazee wanaoaminika kuwa na nguvu ya kujenga na ya kubomoa. Usiku hutoka Efe, mshairi aliyevaa kinyago. Anaanza kwa kuamkia: Mungu, miungu, mizimu, mama wenyewe, wazee wa mji, mafundi waliomtangulia katika kazi ile. Inachukua muda, na hakuna anayemharakisha. Akimaliza, anageuza kibao. Anamtaja mwizi, anamtaja mzinzi, anamcheka bahili, anamsema chifu anayekula mali ya watu. Umati unaangua kicheko, aliyesemwa anainamisha kichwa, na hakuna wa kumgusa mshairi. Maneno yaleyale yangetamkwa bila kuamkia kwanza, yangekuwa utovu wa adabu na pengine angepigwa.

Utaratibu huohuo umo katika mazungumzo ya kila siku. Kijana wa Kiyoruba anayetaka kutumia methali mbele ya wakubwa huomba radhi kwanza kwa fomula maalumu, kana kwamba anasema: nisamehewe, nimethubutu kusema kama methali mbele yenu. Wazee humjibu kwamba ataishi aseme nyingine. Waimbaji wa juju, muziki wa magitaa wa Wayoruba, na wa fuji huichomeka fomula hiyo katikati ya nyimbo, ingawa pale studio hakuna mzee hata mmoja, yupo fundi mitambo na vipaza sauti. Halafu kuna mwili. Mwanamume humwamkia mkubwa kwa kulala kifudifudi, kifua chini, wanaita idobale. Mwanamke hupiga magoti. Kwenye sherehe ya kuoana, bwana harusi na marafiki zake hujilaza safu nzima sakafuni mbele ya wazazi wa binti, na kanzu zao za gharama.

Tanzania iliwahi kuwa na bendi ya wakongwe iliyoitwa Shikamoo Jazz, iliyoundwa mwaka 1993. Jina lilitosha kueleza: walioko jukwaani ndio wa kuamkiwa. Kwa Wayoruba mambo yamegeuka. Aliye jukwaani ndiye anayeamkia, na anaamkia usiku kucha, kwa majina.

Ukitaka kuiona iba inayoficha wembe, tazama majina ya bendi. I. K. Dairo ndiye aliyekuwa baba wa juju mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 Waingereza walimpa nishani ya MBE. Bendi yake iliitwa Blue Spots. Mwaka 1967 kijana wa ukoo wa kifalme wa Ondo, Sunny Adé, ambaye alikuwa hajafikisha au ndiyo kwanza amefikisha miaka 21, alianzisha bendi yake akaiita Green Spots. Kila mtu Lagos alielewa. Bluu imekuwa kijani. Ni kumpigia mzee saluti na papo hapo kumwambia kuna rangi mpya mjini. Miaka 15 baadaye Sunny Adé alikuwa na mkataba na Island Records na muziki wa juju unauzwa Ulaya na Marekani, jambo ambalo Dairo hakulifikia kwa kiwango hicho. Na bado Sunny Adé hajaacha kumtaja Dairo wala Tunde Nightingale, ambaye sauti yake nyembamba ya puani unaisikia mara moja ndani ya sauti ya Adé.

Fuji ina hadithi yake, na hapa msomaji wa pwani yetu atajikuta nyumbani. Ilitokana na were, uimbaji wa vijana wa Kiislamu waliopita mitaani usiku wa Ramadhani kuwaamsha watu wale daku. Barrister aliianza kazi hiyo akiwa mtoto. Waliopiga ngoma za daku Unguja au Mombasa wanaifahamu raha ya saa zile: ndio wakati pekee mtoto anaruhusiwa kupita mlangoni kwa mzee mwenye heshima zake na kupiga makelele, na mzee atashukuru. Huko Lagos na Ibadan vikundi vya were vilishindanishwa, na ushindani ukazaa majigambo, na majigambo yakazaa mastaa. Muziki ambao leo unaonekana umejaa kupiga magoti ulizaliwa na watoto waliopewa kibali cha kuwakatiza wazee usingizi. Sidhani kama ni bahati mbaya kwamba fuji ndiyo iliyokuja kuwa na ugomvi mkubwa kuliko aina zote za muziki wa Kiyoruba: Barrister na Kollington Ayinla walirushiana vijembe kwenye santuri kwa miaka, na kizazi cha Saheed Osupa na Pasuma kikaurithi mchezo huo kama ulivyo. Wapenzi wa mipasho ya taarabu hawatahitaji mkalimani.

Sasa tuingie ukumbini, maana ndiko pesa iliko.

Sherehe kubwa ya Wayoruba, owambe, iwe ya harusi, ya mazishi ya mzee aliyekula chumvi nyingi au ya kutimiza miaka 60, huwa na bendi, sare za vitambaa vya familia na meza zilizopangwa kwa kufuata hadhi. Mpiga dundun, ile ngoma yenye kiuno chembamba na kamba pembeni, haketi na bendi muda wote. Anazunguka. Mgeni mkubwa akiingia, mpigaji anamwendea, anaibana ngoma kwapani, anaisogeza karibu kabisa na sikio la mgeni na kuanza kumtaja. Kiyoruba kina toni tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na ngoma ile inaziiga kwa kubanwa na kuachiwa kwa kamba, kwa hiyo inasema maneno kamili bila mdomo. Inasema oriki, majina ya sifa: huyu ni mtoto wa nani, babu yake alifanya nini, ukoo wao ulitoka wapi. Mgeni kwanza anajifanya hasikii. Kisha bega moja linaanza kuchezacheza. Kisha mkono unaingia kwenye mfuko wa agbada, joho lake pana, na kutoka na burungutu, na noti zinaanza kubandikwa kwenye paji la uso la mpigaji, moja moja, bila haraka, ili watu waone. Kwetu mtu huinuka kumtunza mwimbaji wa taarabu akiguswa na ubeti. Kule mtu hutunza kwa sababu ametajwa, na kutotoa ni aibu ya ukoo mzima, kwa kuwa aliyesifiwa ni ukoo.

Hapo ndipo heshima ilipoanza kuwekewa bei. Miaka ya 1970 mafuta ya Nigeria yalipanda thamani na matajiri wapya wakazuka kila kona: makandarasi, waagizaji wa saruji, maofisa wa serikali na wa jeshi. Wengi hawakuwa wazee. Ila mtu wa miaka 35 mwenye magari matano angeweza kuingia ukumbini akaitwa baba na mwimbaji mwenye umri wa kumzaa. Ebenezer Obey na Sunny Adé walitoa santuri nyingi ambazo upande mzima ni orodha ya wafadhili na vyama vyao, mtu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina la mkewe na la mtaa wake. Nazipenda bendi hizo, magitaa ya Obey sijachoka nayo mpaka leo, lakini kuna nyimbo ambazo ukiondoa muziki unabaki na daftari la michango.

Hasara niionayo si kwamba walipokea pesa. Msanii ale nini? Wapiga dundun wamekula kwa ngoma tangu enzi za wafalme, na kuna koo ambazo majina ya watoto huanza na Ayan kwa sababu kazi yao ya urithi ni hiyo. Hasara iko katika kilichokatwa. Oriki ya kweli ina miiba. Inakumbuka kwamba babu yako alikuwa shujaa, na inakumbuka pia kwamba alikuwa mlevi, au alikuwa na madeni, au alikuwa na kovu baya alilolipata mahali asipopaswa kuwepo. Watu wa ukoo huisikia na kucheka kwa fahari, maana huyo ndiye mtu wao, mzima mzima. Juju ya ukumbini ilizichukua sifa na kuiacha miiba nje ya mlango. Tajiri wa saruji hakulipa asikie kuhusu madeni ya babu yake. Matokeo yake ni kwamba mzee wa kwenye santuri ni mtu asiye na kasoro, na mtu wa namna hiyo hata hakumbukiki. Majina mengi yaliyoimbwa mwaka 1974 leo hakuna anayejua yalikuwa ya nani.

Haruna Ishola, bwana wa apala, alikuwa na mkono mzuri zaidi katika hili. Apala haina gitaa. Ina ngoma, sekere ya kibuyu na agidigbo, ile marimba kubwa ya vidole, na Haruna aliiimba ameketi, sauti ya chini, methali juu ya methali. Santuri yake ya kwanza ya mwaka 1948 ilimsifu mfalme wa Ijebu-Igbo, Orimolusi, na haikuuza. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1955, Haruna akaitoa upya, na hapo ndipo jina lake liliposambaa. Kuna funzo la biashara pale: watu hununua sifa za mzee aliyekwisha kufa kwa moyo mweupe kuliko za aliye hai, kwa sababu marehemu hana tenda ya kugawa.

Dola nayo imejaribu kuingilia. Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 inakataza kumwaga au kukanyaga noti za naira kwenye sherehe, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Kwa miaka mingi ilikuwa karatasi tu. Kisha Aprili 2024 mahakama ya Lagos ikamfunga mtu mmoja maarufu wa mitandaoni miezi 6 kwa kosa hilo, na mjini wakaanza kuangalia nyuma kabla ya kutoa noti. Kwa mpiga dundun hilo ni jambo la riziki, na sijaona mwanasiasa aliyelizungumza kwa upande wake.

Kila makala ya muziki wa Nigeria lazima ipite kwa Fela Kuti, mwasisi wa Afrobeat, nami sitakwepa, ingawa wengi wanamtaja hapa kama mtu aliyewakataa wazee. Sivyo. Babu yake, Mchungaji J. J. Ransome-Kuti, alirekodi London mwaka 1922 nyimbo za dini za Kiyoruba zipatazo 43 kwa kampuni ya Zonophone. Katika muziki uliorekodiwa wa Wayoruba ni vigumu kupata mzee kuliko huyo. Fela alilitupa jina la Ransome mwaka 1975. Lakini ukumbi wake, Afrika Shrine, ulikuwa na madhabahu yenye picha za wahenga aliowachagua mwenyewe, Kwame Nkrumah akiwamo na, baada ya mama yake Fela kufariki, mama huyo pia, na alikuwa akifanya tambiko kabla ya muziki. Alitoa iba kama Efe yeyote. Alichofanya tofauti ni kuwanyima iba walioshika bunduki. Na aliyekataa kulipa mlangoni alipatikana: Februari 1977 wanajeshi waliichoma nyumba yake na mama yake mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 akarushwa kutoka dirishani, alifariki mwaka uliofuata. Serikali hiyo ilikuwa ya Jenerali Obasanjo. Mwaka mmoja tu kabla, Obey alikuwa ametoa santuri yenye jina la kampeni ya kilimo ya serikali hiyohiyo, Operation Feed the Nation. Wote watatu, Fela, Obey na Obasanjo, asili yao ni pande za Abeokuta. Mmoja aliimba kampeni, mwingine akachomewa nyumba.

Huyo mama, Funmilayo Ransome-Kuti, anastahili aya yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwaongoza maelfu ya wanawake wa Abeokuta kupinga kodi waliyotozwa, na walichofanya mbele ya kasri la Alake, mfalme wao, ni kukaa na kuimba. Waliimba nyimbo za matusi, matusi hasa, juu ya mfalme ambaye kwa mila hata kumtazama usoni kuna masharti. Ademola wa Pili alikiacha kiti Januari 1949 na hakurudi hadi mwishoni mwa 1950. Wanaosema heshima ya Wayoruba hairuhusu mzee kusemwa wana kazi ya kulieleza tukio hili. Mimi nalieleza hivi: wengi wa wanawake wale walikuwa akina mama, kwa umri na kwa uzazi, ni walewale ambao Gelede huwapigia magoti. Ukubwa wa umri uligongana na ukubwa wa cheo, na wimbo ukachagua upande.

Kwa hiyo swali la kuwauliza waimbaji wa juju na fuji wa miaka ya 1970 hadi 1990, chini ya jeshi, ni hili: leseni ya kusema mlikuwa nayo, mliitumia wapi? Mara nyingi waliitumia kwa wao kwa wao. Vijembe vikali viliwaendea washindani, na sifa zikawaendea wakubwa wa serikali. K1 amekuwa karibu na Bola Tinubu kwa miaka mingi, amemwimbia kwenye kampeni na kwenye sherehe, na tangu Mei 2023 Tinubu ni rais. Mtu anaweza kumtetea kwamba huo ni urafiki wa zamani, na huenda ni kweli. Lakini Efe husalimu ili aseme, na hawa wengi wao walisalimu wakaishia hapo.

Wanawake wa waka, uimbaji wa wanawake wa Kiislamu wa Kiyoruba, wametumia mlango mwingine. Salawa Abeni alikuwa hajafikisha miaka 16 alipotoa santuri yake ya kwanza mwaka 1976, na ilikuwa maombolezo ya Jenerali Murtala Mohammed, mkuu wa nchi aliyeuawa Februari mwaka huohuo. Fikiria: binti mdogo, anasimama mbele ya taifa, anamlilia mtawala. Kwa umri wake hakuwa na haki ya kusema chochote. Msiba ndio uliompa nafasi, kwa kuwa kwenye msiba hata mtoto analia kwa sauti na hakuna wa kumnyamazisha. Santuri iliuza sana, na mwaka 1992 Alaafin, yaani mfalme wa Oyo, Lamidi Adeyemi wa Tatu, akamvika taji la Malkia wa Waka. Alaafin huyohuyo ndiye aliyempa K1 cheo cha Mayegun wa nchi ya Wayoruba Januari 2020. Nasema wazi kwamba mataji haya ya wafalme kwa wanamuziki siyapendi sana. Iba ya msanii ina maana inapotolewa na mtu asiye na cheo; akishakuwa chifu, anasalimiana na wenzake.

Na vijana wa sasa? Kuna malalamiko ya kawaida kwamba Afrobeats, muziki wa pop wa Nigeria ya leo, imeua adabu. Sikubaliani. Albamu ya kwanza ya Davido, mwaka 2012, inaitwa Omo Baba Olowo, mtoto wa baba tajiri, na hadi leo herufi OBO ni jina lake. Hiyo ni oriki: jina la kujisifia ambalo ndani yake yuko mzazi. Wizkid alimpoteza mama yake mwaka 2023, na Novemba 2024 akatoa albamu aliyoipa jina la mama huyo, Morayo. Ikifunguka, unakutana na sauti ya K1 na fuji yake kabla Wizkid hajaimba. Kijana ambaye ameuza tiketi za viwanja vya Ulaya amemtanguliza mzee wa fuji mlangoni. Asake, aliyelelewa na lebo ya YBNL, amejaza waitikiaji wa mtindo wa fuji kwenye nyimbo zake hadi unasahau kwamba unasikiliza muziki wa disko. Adekunle Gold mwaka 2025 ameiita albamu yake Fuji, basi, bila kuzungukazunguka.

Kilichobadilika ni umri wa mzee. Olamide, mwenye YBNL, amezaliwa 1989; Asake amezaliwa 1995. Tofauti ni miaka sita, na katika desturi ya Wayoruba miaka sita inatosha kabisa kumfanya mtu kaka mkubwa asiyeitwa kwa jina kavu. Lakini Olamide haamkiwi kwa ajili ya miaka ile sita. Anaamkiwa kwa sababu ndiye aliyefungua milango, aliyelipia studio, aliyetoa shavu wakati jina halijulikani. Makandarasi wa mwaka 1974 walinunua uzee kwa naira. Mabosi wa lebo wanaupata kwa mkataba. Bora hao wa pili, kwa maana angalau wimbo umebaki na kitu cha kuonyesha.

Linalonikera katika kizazi hiki ni kipande kidogo cha sauti kilichokatwa kwenye santuri ya mzee na kubandikwa mwanzo wa wimbo, halafu kwenye mahojiano inasemwa ni kumuenzi. Kumuenzi kwa kiasi gani? Barrister, Ayinla Omowura na Haruna Ishola hawako, wameacha watoto. Kwenye owambe, aliyetajwa ndiye aliyetoa pesa, na mpigaji akaondoka na paji la uso limejaa noti. Sasa anayetaja ndiye tajiri, na anayetajwa yuko kaburini, lakini pesa imeendelea kwenda upande uleule, kwa anayetaja.

Sheria ya hakimiliki ya Nigeria ya mwaka 2022, iliyosainiwa Machi 2023, imeweka mambo mawili ambayo watayarishaji wa muziki wanapenda kuyachanganya. Rekodi ya sauti inalindwa miaka 50. Kwa hiyo santuri nyingi za mwanzo wa miaka ya 1970, zile zenye ngoma tamu kuliko zote, ziko nje ya ulinzi huo au zinakaribia kutoka. Utunzi wenyewe, yaani maneno na melodia, unalindwa miaka 70 baada ya mtunzi kufariki. Omowura aliuawa Abeokuta mwaka 1980, hesabu yake inafika 2050. Haruna Ishola alifariki 1983, kwa hiyo tungo zake zina wenyewe hadi 2053, na mwanawe Musiliu naye ni mwimbaji wa apala anayejulikana Nigeria nzima, hivyo mtayarishaji anayetaka kipande cha baba hawezi kudai kwamba hakujua abishe hodi wapi.